Tasnifu Irudi kwa Waliohojiwa: Mwongozo Kamili wa Kuwafundisha Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu Kueleza Utafiti wa Siasa kwa Umma

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa anakwenda wilayani, anakaa miezi mitatu au minne, anauliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Akirudi chuoni anayatafsiri majibu kwa Kiingereza, anayachambua kwa Kiingereza, anayatetea mbele ya jopo kwa Kiingereza, kisha nakala zenye majalada magumu zinapangwa maktabani. Mama aliyeacha kuanika karafuu zake saa nzima ili ajibu hojaji hasikii tena neno. Hilo ni deni. Mwongozo huu ni wa mhadhiri anayetaka kumwandaa mwanafunzi wake alilipe.

Chama cha wanasayansi ya siasa cha Marekani, APSA, kina mpango unaowapa wanafunzi wa uzamivu kazi ya kuandika muhtasari wa makala za kitaaluma kwa lugha ya watu wote. Ni mpango mzuri, lakini mwanafunzi wa kule anatoka Kiingereza kizito kwenda Kiingereza chepesi. Wetu anavuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na katika kuvuka ndiko mambo mengi yanakopotea. Kwa hiyo sitakushauri umfundishe mwanafunzi kurahisisha. Anayeamini kazi yake ni kurahisisha huanza kusema na watu wazima kana kwamba ni watoto. Mfundishe kurudi kwenye lugha ambamo data yake ilizaliwa.

Mpangilio ninaoueleza ni wa wiki kumi, kikao kimoja cha saa mbili na nusu kila wiki, watu wanane hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, hakuna atakayepata zamu ya kusimama na kuulizwa, na kuulizwa ndiyo roho ya mafunzo haya.

Hatua ya kwanza: Chagua walio katikati ya kazi

Usingoje wamalize. Mwanafunzi aliyekwisha kutetea tasnifu anatafuta ajira, na akili yake haiko tena kwenye wahojiwa. Anayefaa ni yule aliyerudi kutoka uwandani na bado anaandika sura za matokeo, kwa sababu atakachojifunza kitamsaidia pia kuandika tasnifu yenyewe. Nimeona sura ya tano ikinyooka baada ya mwandishi wake kulazimika kuieleza kwa dakika tatu kwa Kiswahili. Alipokwama kwenye maelezo ndipo hoja ilipokuwa na shimo.

Usichague wasemaji tu. Kila idara ina vijana wawili watatu wenye ulimi mwepesi ambao hualikwa kila mahali. Mkimya aliyekaa na madiwani miezi mitano mara nyingi ana jambo zito zaidi la kusema, na ndiye anayehitaji mafunzo.

Msimamizi wa kila mshiriki apate barua fupi na akubali kwa maandishi. Wapo wasimamizi wanaoamini kwamba kuzungumza redioni kabla ya kutetea ni utovu wa adabu ya kitaaluma. Ni afadhali hoja hiyo izungumzwe mapema ofisini kuliko kumwangukia mwanafunzi siku ya jopo.

Hatua ya pili: Rudini kwenye daftari la uwandani

Kikao cha kwanza mwanafunzi asije na ikisiri wala slaidi. Aje na maandishi ya mahojiano yake kama yalivyorekodiwa, kwa Kiswahili, kabla hayajatafsiriwa. Asome kwa sauti majibu matano ambayo hajayasahau, na wenzake waandike maneno waliyoyatumia wahojiwa.

Hapo ndipo wengi hugundua kwamba dhana waliyoitafutia tafsiri miezi sita ilikwisha kutajwa na mhojiwa. Aliyekuwa anahangaika na maneno kama "uhusiano wa kimaslahi kati ya mgombea na mpiga kura" anakuta watu wake wamesema "takrima", neno lenye historia ndefu Tanzania: marekebisho ya sheria za uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuona inakiuka Katiba. Msikilizaji akisikia neno hilo anaona kanga, fulana, soda na pilau ya kampeni. Mtafiti hana haja ya kumchorea picha. Anahitaji tu kumwonyesha alichogundua ndani ya picha hiyo.

Mwisho wa kikao kila mmoja aondoke na orodha ya maneno kumi hadi kumi na tano ya wahojiwa wake. Orodha hiyo ndiyo akiba yake ya wiki zote zinazofuata.

Hatua ya tatu: Sentensi tatu za kusimamia

Kabla ya makala, kabla ya redio, kila mwanafunzi aandike sentensi tatu tu. Ya kwanza ianze na "Nimekuta kwamba". Ya pili ianze na "Ninasema hivyo kwa sababu". Ya tatu ianze na "Nisichoweza kusema ni". Zote kwa pamoja zisizidi maneno sabini.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Mwanafunzi ana hofu kwamba akitaja mpaka wa utafiti wake atadharauliwa. Uzoefu wangu ni kinyume. Hadhira yetu imesikia wanasiasa wengi wanaojua kila kitu, hivyo anayesema "hapa utafiti wangu unaishia" anasikilizwa tofauti. Tumia kikao kizima kwa sentensi hiyo ikibidi.

Chukua mfano wa darasani kuhusu wabunge wanawake. Rasimu ya kwanza huwa na sura hii:

*"Utafiti huu ulichunguza athari za mifumo ya kitaasisi katika uwakilishi wa kimaelezo na wa kimaudhui wa wanawake katika chombo cha kutunga sheria."*

Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna mtu atakayesikiliza sentensi ya pili. Sasa mwulize mwandishi: mbunge wa viti maalum wa Tanzania anatofautianaje na mbunge wa jimbo, machoni pa mtu wa kawaida? Atakwambia mambo anayoyajua vizuri. Katiba inataka wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Viti hivyo vinagawanywa kwa vyama kulingana na kura za ubunge, kwa chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali. Mbunge huyo hana jimbo, na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009 unaendeshwa na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge wa jimbo. Kenya walifanya vingine: Katiba ya mwaka 2010 iliweka viti 47, kimoja kwa kila kaunti, na mwanamke anayekikalia anapigiwa kura moja kwa moja na wananchi wa kaunti hiyo.

Ukishayatoa hayo, rasimu ya pili inajiandika:

*"Mbunge wa viti maalum anaingia bungeni akiwa hana jimbo la kurudi. Aliyempeleka ni chama, na wananchi hawamjui kama mbunge 'wao'. Nimezungumza na wabunge wa aina zote mbili kuona kama hilo linabadilisha wanachokisemea bungeni."*

Anayesikiliza anataka kujua jibu. Waambie wanafunzi waliotunga rasimu nzuri waeleze walipoupata unyoofu ule. Karibu kila mara wameupata kwa kujibu swali la mtu, hawakuupata kwa kukaa peke yao wakihariri.

Hatua ya nne: Pimeni maneno kabla ya kuyatumia

Hatua hii huwa naipa vikao viwili, na bado haitoshi, kwa sababu msamiati wa siasa katika Kiswahili una mitego ambayo kamusi haikuonyeshi.

Angalia "kura za maoni". Mtanzania wa Bara akisikia maneno hayo wakati wa uchaguzi anaelewa mchujo wa ndani ya chama, pale wanachama wanapopendekeza nani awe mgombea. Mkenya mchujo huo anauita kura za mchujo, na kwake kura za maoni ni utafiti wa kampuni zinazouliza watu watamchagua nani. Wote wawili, ukiwaambia "kura ya maoni" kwa umoja mkiwa mnazungumzia katiba, wataelewa upigaji kura wa nchi nzima kukubali au kukataa, kama ule wa Kenya wa tarehe 4 Agosti 2010. Mtafiti akisema kwenye redio inayosikika nchi zote mbili kwamba "kura za maoni zinaonyesha chama fulani kimegawanyika", nusu ya wasikilizaji watakuwa wameelewa jambo ambalo hakulisema. Dawa ni kusema kwa urefu: "tuliwauliza wananchi 2,400", "wanachama walipochuja wagombea", "wananchi walipoipigia kura katiba".

"Siasa" nayo ina sura mbili. Kuna siasa ya vyama na majukwaa, na kuna siasa kwa maana ya itikadi na mwelekeo wa nchi, kama wazee wanavyosema "Siasa ya Ujamaa na Kujitegemea". Kijana akisema "siasa imeathiri shule", mzee wa miaka sabini anaweza kufikiri anazungumzia mwaka 1967, ule wa Azimio la Arusha. Kuna pia "serikali" na "dola", ambavyo mwanafunzi huvitenganisha kwa uangalifu katika sura ya nadharia, ilhali kwa mwananchi vyote ni serikali, na serikali hiyo ina uso wa mtendaji wa kijiji au chifu. Usimrekebishe mwananchi. Taja unachokikusudia: mahakama, polisi, halmashauri, hazina.

Zoezi: kila mwanafunzi achukue maneno matano ya tasnifu yake na kuyapeleka kwa watu watatu wasiosoma naye, kwa mfano muuza magazeti, shangazi yake na dereva wa bodaboda. Asiwaulize "unajua maana ya neno hili?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Awaulize "nipe mfano". Mfano wanaoutoa ndiyo maana halisi ya neno. Arudi darasani na mifano hiyo imeandikwa kama ilivyosemwa.

Usisahau jiografia. Neno linalokubalika Nairobi linaweza kuwa geni Kigoma: "ugatuzi" unaeleweka Kenya kwa sababu ya kaunti, Tanzania utalazimika kusema madaraka kwa serikali za mitaa. Ukiandikia gazeti la Taifa Leo la Kenya na ukiandikia gazeti la Mwananchi la Tanzania, usipeleke makala ileile bila kuigusa.

Hatua ya tano: Namba

Hapa wengi huharibu, nami nitakaa kidogo.

Swali la kwanza la hadhira ni lilelile kila mahali: "Watu 2,400 watasemaje kwa niaba ya nchi ya watu zaidi ya milioni 60?" Ni swali zuri na linastahili jibu la heshima. Mimi hutumia bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho mnunuzi wa nafaka anachoma nacho kwenye gunia. Mnunuzi mjanja hachomi juu tu, kwa kuwa muuzaji ameweka mchele mzuri juu. Anachoma juu, kati, chini na pembeni, mahali ambapo muuzaji hakumchagulia. Akipata punje chache kutoka kila sehemu, anajua gunia lina nini bila kulimwaga lote. Uzuri wa sampuli unatokana na namna ya kuchoma: kila punje ipate nafasi ileile ya kuingia kwenye bambo. Ndiyo maana ya uchaguzi wa nasibu, na mkulima wa Mbarali au Mwea anaielewa haraka kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kisha fundisha kiwango cha makosa kwa hesabu ya mkononi. Chukua 1, igawanye kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Watu 2,400 wanakupa takriban pointi 2 za asilimia kila upande. Watu 1,200 takriban pointi 3. Hizo ndizo sampuli mbili ambazo Afrobarometer, mtandao wa kutafiti maoni ya wananchi barani Afrika ulioanza utafiti wake mwaka 1999, huzitumia kwa kawaida kutegemea nchi. Hesabu hiyo inadhani uchaguzi wa nasibu ulio safi. Tafiti zinazochagua kwanza maeneo kisha kaya huwa na makosa makubwa kidogo. Sasa waambie wanafunzi wagawe 2,400 kwa mikoa 31 ya Tanzania. Kila mkoa utapata watu 77 hivi kwa wastani, na kiwango cha makosa kinaruka hadi pointi 11. Anayesimama na kusema "mkoa A una imani na bunge kuliko mkoa B kwa asilimia 6" kwa data hiyo hajasema kitu. Wakishalifanya hesabu hilo kwa mkono wao hawalisahau.

Baada ya hapo leta Tume ya Nyalali. Rais Ali Hassan Mwinyi aliiunda mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Ilisikiliza watu zaidi ya 36,000. Takribani asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa Zanzibar pengo lilikuwa dogo zaidi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 sheria ikaanza kutumika. Kila Mtanzania mwenye umri fulani anaijua "ile asilimia 20" iliyotaka vyama vingi, na kila upande wa siasa unaitumia unavyotaka. Hakuna zoezi bora la darasani.

Mpe kila mwanafunzi maneno 150 amweleze kijana aliyezaliwa mwaka 2005. Katika maneno hayo lazima ajibu mambo matatu. Je, waliosema mbele ya Tume walichaguliwa kwa bambo, au walikwenda wenyewe na kualikwa kwenye mikutano? Je, 36,000 ni bora kuliko 2,400 kwa sababu tu ni wengi? Na je, asilimia 80 ile ilikuwa imeridhika na hali ilivyokuwa? Swali hili la mwisho linawafungua macho, kwa sababu Tume yenyewe ilionyesha kwamba wengi kati yao walitaka mabadiliko makubwa ndani ya mfumo uleule. Mwanafunzi akiweza kuyasema hayo bila kumpendelea mtu, ameiva kwa namba.

Jambo dogo lakini la kila siku: "inahusiana na" si "inasababisha". Katika uhariri wenu, kila mahali penye "inasababisha", "inaleta" au "imechangia", mwandishi aonyeshe ni kwa ushahidi gani. Akishindwa, abadilishe kitenzi.

Hatua ya sita: Sheria, na usalama wa waliokuamini

Alika mwanasheria kwa kikao kimoja, lakini wewe mwenyewe uwe umesoma. Tanzania mtafiti anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kenya cha NACOSTI, tume ya huko ya namna hiyohiyo, na Zanzibar ina utaratibu wake. Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya mwaka 2015 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2018 yaliyobana uchapishaji wa takwimu zinazopingana na za serikali, kisha mwaka 2019 ikalegezwa. Watafiti wengi bado wana hofu ya 2018 vichwani mwao na hawajui kilichofuata, kwa hiyo wanajinyamazisha zaidi ya sheria inavyodai. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayomtaka anayechapisha matokeo ya kura za maoni kuhusu uchaguzi aeleze nani amelipia, watu wangapi waliulizwa na kiwango cha makosa ni kipi, na inayozuia kuchapisha siku tano kabla ya uchaguzi. Nchi zote mbili zina sheria za ulinzi wa data binafsi, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

Kuliko sheria, ninahofia zaidi jambo linalofanyika kwa nia njema. Katika tasnifu mhojiwa anaitwa "Mhojiwa wa 14, diwani mwanamke". Ukilisema hilo redioni katika wilaya yenye madiwani wanawake watatu, umemtaja jina. Kila nukuu inayotoka nje ya tasnifu ipite kwenye swali moja: je, jirani yake angemtambua? Kama ndiyo, badilisha cheo, ondoa jinsia, au acha nukuu. Hapa usikubali maelewano hata kama nukuu ni tamu kiasi gani.

Hatua ya saba: Redio

Makala ya gazeti inafundishika haraka ukishazipata zile sentensi tatu: maneno 700, kisa au mhojiwa mmoja mwanzoni, ugunduzi katika aya ya pili, mipaka ya utafiti kabla ya mwisho, hakuna tanbihi. Mwalimu yeyote wa uandishi atakusaidia. Redio ndiyo inayotaka jasho. Inamfikia mvuvi akiwa baharini na mama akiwa jikoni, na haina nafasi ya kufuta.

Geuzeni chumba cha semina kiwe studio. Simu mbili zinatosha, moja inarekodi, nyingine inapiga. Mwanafunzi mmoja awe mtangazaji, mmoja mgeni, wengine wawe wasikilizaji wanaopiga simu kutoka nje ya chumba ili sauti itoke kwenye simu kweli. Mgeni ahojiwe kwa dakika nane, kisha sikilizeni rekodi yote bila kuisimamisha.

Mfundishe mgeni mambo machache. Aanze na jibu, maelezo yafuate. Chuoni tumezoea kuanza na nadharia na kufikia jibu dakika ya saba, na dakika ya saba mtangazaji ameshakwenda kwenye matangazo. Aseme "niliwauliza" badala ya "wahojiwa waliulizwa". Akitaja namba, iwe moja katika dakika moja, na aigeuze kuwa watu: "karibu wanne katika kila kumi".

Fanyeni mazoezi ya maswali yanayovuta pembeni, kwa sababu yatakuja:

*Mtangazaji:* Kwa hiyo dada, unatuambia wabunge wa viti maalum hawana kazi?

*Mgeni:* Hapana, kazi wanayo, tena nyingi. Ninachosema ni kwamba hawana jimbo la kuwadai. Hiyo inabadilisha wanachokipa muda.

Ameukataa uongo kwa neno moja, ametaja analolisema, hakuulaumu upande wowote. Kuna swali jingine la kila mwaka wa uchaguzi, "nani atashinda?". Jibu la kweli kwa karibu kila mwanafunzi ni: "Hilo sikulitafiti. Nililolitafiti ni hili." Awe tayari kulisema mara tatu mfululizo kwa upole uleule.

Lakini swali zito kuliko yote hutoka kwa msikilizaji:

*Msikilizaji:* Binti yangu, sema kweli. Umetumwa na chama gani?

*Mgeni:* Shikamoo baba. Nimetumwa na masomo yangu. Gharama zilitoka kwenye ufadhili wa chuo, na nilizungumza na watu wa vyama vinne. Ukiona mahali nimependelea, nitashukuru ukinionyesha.

Mzee huyo hajamtukana mtu. Ameuliza swali ambalo kila mwananchi mwenye akili anapaswa kuuliza, na mwanafunzi asiyejua nani amelipia utafiti wake na kulisema wazi hajawa tayari kwenda hewani. Wanaochukizwa na swali hili katika mazoezi wabaki mazoezini wiki moja zaidi.

Hatua ya nane: Rudini uwandani

Hii ndiyo hatua inayoachwa, kwa kisingizio cha nauli. Ipangie bajeti tangu siku mwanafunzi anapoandika pendekezo la utafiti: nauli, chai, karatasi kubwa za kubandika ukutani. Kama fedha hakuna kabisa, chagueni sehemu moja ya karibu badala ya zote.

Mwanafunzi aende kwanza kwa mtendaji wa kijiji au chifu, aonyeshe kibali, aeleze kwamba safari hii hakuja kuuliza. Siku ya kikao iwafae watu, isiwe siku ya gulio wala ya msiba. Azungumze dakika kumi na tano, asizidi, akisimamia sentensi zake tatu na maneno ya wahojiwa wenyewe. Kisha anyamaze. Muda uliobaki ni wa watu, na kazi yake ni kuandika.

Mara ya kwanza nilipompeleka mwanafunzi kwenye kikao cha namna hiyo, mzee mmoja alisimama akasema: "Ulikuja mwaka jana ukatuuliza, ukaenda. Tulidhani umetusahau kama wenzako." Kisha akaeleza, mbele ya wote, kwa nini hitimisho la mwanafunzi kuhusu baraza la kijiji lao lilikuwa na upungufu: walioacha kuhudhuria mikutano hawakuwa wamekata tamaa kama tasnifu ilivyosema, walikuwa wamehamishia mazungumzo yale kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mwanafunzi aliandika kurasa sita usiku ule.

Mwandae kwa hilo. Akipingwa, asijitetee kwa kutaja sampuli. Aseme: "Ahsante mzee, naomba unieleze zaidi," na aulize kama kuna mwingine aliyeliona hivyo au vinginevyo. Wanawake wakinyamaza mbele ya wanaume, aombe kukaa nao pembeni baadaye. Kinachosemwa hapo si data mpya ya kuingizwa kimyakimya kwenye sura za matokeo. Kibali chake cha maadili hakikuhusu hilo. Kinaweza kutajwa wazi kama mrejesho wa jamii katika sura ya majadiliano, kwa ruhusa ya waliosema.

Hatua ya tisa: Kupima na kuthaminisha

Alama ziwe chache. Wasikilizaji wawili wasiohusika na chuo wasikie rekodi ya dakika nane, kisha kila mmoja aandike kwa maneno yake alichosikia. Maandishi yao yakifanana na sentensi tatu za mwanafunzi, amefaulu. Yakitofautiana, mwonyeshe hasa ni wapi maana ilipopotea na umpe zamu nyingine.

Kwenye kitengo cha masomo ya uzamili, omba saa hizi zitambuliwe kama semina za lazima. Bila hivyo mafunzo yatategemea moyo wa mhadhiri mmoja na yatakufa akihamishwa. Kwenye fomu ya maendeleo ya kila muhula ongezeni mstari mmoja: "Matokeo yamerudishwa kwa waliohojiwa: lini, wapi, walisema nini." Mstari huo msimamizi auulizie kila muhula, kama anavyoulizia sura za tasnifu.